Mlinzi si Mti

Mwaka 2003, nikiwa mwalimu kijana wa Kiswahili katika shule moja ya upili kwenye nyanda za juu za Kisii, nilikabidhiwa kipenga. Hakuna aliyeniuliza kama nilikuwa na ujuzi wa kazi hiyo. Mwalimu wa michezo alikuwa amepata uhamisho, mashindano ya shule za eneo letu yalikuwa yamebisha hodi, na wakubwa wangu wakakumbuka kwamba niliwahi kucheza mpira wa vikapu nilipokuwa mwanafunzi wa chuo. Nilipewa kijitabu cha sheria kilichoandikwa kwa Kiingereza, nikakipitia usiku mmoja kwa mwanga wa taa ya chemni, na asubuhi yake nikawa refa.

Mechi niliyoisimamia siku hiyo ilikuwa ya wasichana, baina ya shule mbili ambazo hakuna hata moja iliyokuwa yangu. Uwanja ulikuwa wa saruji iliyoanza kupasuka, mistari yake imepakwa chokaa alfajiri, na watazamaji wamejipanga ukingoni hata vidole vyao vya miguu vikaukanyaga mstari. Katika robo ya nne, mshambulizi wa timu moja aliuteka mpira pembeni, akaudunda kwa kasi kuelekea kikapuni. Mlinzi wa timu ya pili, msichana mwembamba wa kidato cha tatu, aliwahi mbele yake, akamkabili uso kwa uso, kisha akawa anasogea kando hatua kwa hatua kadiri mshambulizi alivyojaribu kumpita. Mara bega la mshambulizi likatua kifuani pa mlinzi. Wote wawili wakaanguka.

Umati ulilipuka: "Madhambi! Madhambi!" Nami nikapuliza. Nikaiweka mikono yangu miwili kiunoni, ishara ambayo refa huitoa kuonyesha kwamba mlinzi ndiye aliyeziba njia isivyo halali. Lilikuwa kosa lake la tano, na anayefikisha makosa matano hana budi kuondoka mchezoni. Msichana yule aliinuka, akapangusa kiwiko kilichochubuka, akanijia kwa adabu na kuniuliza, "Samahani, Mwalimu. Sheria inataka nisimame, ama inataka niwe mbele yake?"

Nilimjibu kwa maneno matatu: "Refa ni mimi." Akaenda kuketi. Timu yake ilishindwa kwa kikapu kimoja.

Usiku ule nilikifungua tena kile kijitabu, nikasoma polepole nilichokuwa nimekisoma mbiombio. Msichana alikuwa na haki. Mimi nilikosea.

Sikisimulii kisa hiki ili kujitakasa, maana maji yakimwagika hayazoleki. Nakisimulia kwa sababu tangu hapo nimeketi kando ya viwanja vingi vya shule, Kisii na Nyamira, na kosa langu nimelisikia likirudiwa na walimu, wanafunzi na mashabiki kana kwamba ni kifungu cha sheria: "Mlinzi alikuwa akisonga, kwa hiyo kosa ni lake." Baada ya kuisomea isimu na kuifundisha kwa miaka mingi, nimeshawishika kwamba kosa hilo si la macho peruu. Kwa kiasi kikubwa ni kosa la lugha.

Tuanze na msingi wa mchezo wenyewe. James Naismith, mwalimu mzaliwa wa Kanada, alipoubuni mpira wa vikapu mjini Springfield, Marekani, mnamo Disemba 1891, aliuwekea sheria 13. Ya tano ilikataza kumpiga mpinzani kikumbo, kumshika, kumsukuma, kumkwaza au kumpiga. Alitafuta mchezo wa kuchezwa ndani ya jengo wakati wa baridi, usiovunja watu mbavu. Tangu mwanzo, basi, huu ulikusudiwa kuwa mchezo usio na mgusano.

Lakini kusudi ni jambo moja, na uwanja ni jambo jingine. Uwanja wa kimataifa una urefu wa mita 28 na upana wa mita 15, yaani mita mraba 420. Ukiwagawia wachezaji kumi, kila mmoja hupata mita mraba 42. Taabu ni kwamba hawajigawi hivyo. Wote hukimbilia kipande kile kile kidogo chini ya kikapu. Kwa hiyo sheria za shirikisho la kimataifa, FIBA, lililoasisiwa Geneva mwaka 1932, hazidai kwamba kila mgusano ni kosa. Zinakiri kwamba watu kumi wanaokimbia kwa kasi mahali padogo hawawezi kuepuka kugusana kabisa, kisha zinamtwika refa swali gumu zaidi: ni nani aliyesababisha?

Msomaji wa Kisii analijua vyema swali hilo, hata kama hajawahi kuushika mpira wa vikapu. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 1,260,000 katika Kaunti ya Kisii, kwenye eneo linalozidi kidogo tu kilomita mraba 1,300. Hao ni zaidi ya watu 900 kwa kila kilomita mraba. Mahali ambapo ardhi ni haba kiasi hicho, migogoro ya mipaka haikosi. Marehemu baba yangu alikuwa miongoni mwa wazee walioitwa na majirani kuisikiliza migogoro hiyo. Sikumbuki hata siku moja akiuliza, "Ni nani amesimama hapa sasa?" Aliuliza maswali mawili: nani alitangulia, na alipokuwa akiingia, alimsukuma nani?

Sheria ya mpira wa vikapu imejengwa juu ya maswali hayo hayo mawili. Kila mchezaji ana haki ya kuchukua mahali popote uwanjani ambapo mpinzani hajapachukua, mradi asisababishe mgusano katika kupafikia. Tangulia, na utangulie kwa njia ya haki. Mengine yote kuhusu mlinzi na mshambulizi ni ufafanuzi wa kanuni hiyo.

Je, mlinzi hujipatiaje haki ya mahali? Sheria inataja nafasi halali ya ulinzi, na masharti ya kuianzisha ni mepesi kuyakumbuka. Mlinzi amkabili mpinzani wake, yaani amwelekee kwa mbele, na miguu yake yote miwili iwe imegusa chini. Tena afike hapo kabla ya mgusano, si kwa kutumia mgusano. Hayo tu. Hakuna sharti kwamba akae hapo sekunde moja, wala mbili. Dhidi ya mchezaji aliye na mpira, muda na umbali havihesabiwi hata kidogo. Mwenye mpira anatarajiwa kujua kwamba atazuiwa, na lazima awe tayari kusimamisha mbio zake au kubadili mkondo hata kama mlinzi amejitokeza mbele yake kufumba na kufumbua.

Baada ya kuianzisha nafasi hiyo, mlinzi hageuki kuwa mti. Anaruhusiwa kubaki pale pale, kuruka wima, kusogea kando au kurudi nyuma ili kuihifadhi nafasi yake. Anaposogea hivyo, mguu mmoja au hata yote miwili yaweza kuwa hewani kwa nukta moja na bado akawa halali. Anaweza hata kugeuza mwili kidogo ili asiumizwe na kishindo kinachomjia. Asichoruhusiwa ni kumwendea mwenye mpira na kumgonga, wala kupanua mikono, mabega, nyonga au miguu ili kumzuia anayempita. Mlinzi wangu wa 2003 aliwahi, alikabili, alikanyaga chini kwa miguu miwili, kisha akasogea kando. Alitimiza kila sharti. Nilimhukumu kwa sharti ambalo halimo.

Sharti hilo lilitoka wapi? Lilitoka katika kitenzi kimoja cha Kiswahili ambacho sote tunakitumia bila kukitafakari: kusimama. Tunaposema "mtoto amesimama", huenda tunamaanisha kwamba yuko wima kwa miguu yake. Tunaposema "gari limesimama", tunamaanisha kwamba limeacha kwenda. Neno ni moja, maana ni mbili. Nilipokisoma kijitabu cha Kiingereza, niliifasiri miguu miwili iliyogusa chini akilini mwangu kuwa "mlinzi awe amesimama". Tafsiri hiyo haikuwa mbaya sana. Lakini nilipofika uwanjani, maana ya kwanza ilikuwa imeipisha ya pili. Mlinzi aliyekuwa wima nikamtaka awe tuli, kama gari lililoegeshwa. Nimewasikia makocha wakiwapigia wachezaji wao kelele, "Simama! Simama!", na watoto wakaganda kama nguzo, huku mshambulizi akiwapita pembeni bila taabu. Kocha alikusudia "kuwa mbele yake". Mtoto akasikia "usitikisike".

Neno la pili linalotupotosha ni hilo ambalo umati uliliimba: madhambi. Katika michezo ya Kenya tumezoea kusema kwamba mchezaji amechezewa madhambi. Ni msemo wenye ladha, nami siukatazi. Hata hivyo, dhambi ni uovu wa moyo, na anayetenda dhambi huwa amenuia. Sheria ya mpira wa vikapu haimuulizi refa kama mchezaji alinuia. Kosa la kibinafsi ni mgusano usio halali dhidi ya mpinzani, awe mchezaji ameukusudia au la. Mwanafunzi mpole kuliko wote darasani anaweza kufanya makosa matano katika mechi moja bila chembe ya uovu. Tukilichukulia kila kosa kama dhambi, mchezaji huona aibu isiyomstahili, naye refa huanza kusaka nia katika nyuso za watu badala ya kuitazama miguu yao.

La tatu ni la kisarufi, na walimu wenzangu wa Kiswahili watanielewa upesi. Tunasema, "Wachezaji waligongana." Kauli ya kutendana, ile inayoishia na -ana, ina hekima yake katika maisha ya kila siku. Majirani waliogombana wanapatanishwa kwa urahisi zaidi ikiwa hatusemi ni nani aliyeanza. Lakini refa hana ruhusa ya kuishi ndani ya -ana. Kazi yake yote ni kuirudisha "waligongana" kuwa "aligonga" na "aligongwa", na kwa muda usiozidi nusu ya pumzi. Ama aamue kwamba hakuna aliyekosa, naye aache mchezo uendelee. Hilo nalo ni uamuzi.

Kiswahili kinatupotosha hapa, lakini pia kinatupa chombo kizuri cha kuufundishia uamuzi huo. Tazama viambishi -na- na -me-. "Mlinzi anafika" si sawa na "mlinzi amefika". Cha kwanza kinaonyesha tendo linaloendelea. Cha pili, tendo lililotimia. Sheria inasema kwamba mchezaji aliyeruka ana haki ya kutua pale pale aliporukia. Ana haki pia ya kutua mahali pengine, mradi mahali hapo, na njia ya moja kwa moja ya kupafikia, havikuwa vimechukuliwa na mpinzani wakati alipoacha ardhi. Hakuna anayeruhusiwa kuingia katika njia ya mtu ambaye yuko hewani tayari. Ni busara pia, kwani aliye hewani hawezi kugeuka wala kujizuia, na mgusano wa namna hiyo ndio unaovunja vifundo na kuvunja mikono.

Kwa hiyo refa ajiulize swali moja la sarufi. Mguu wa mwisho wa mshambulizi ulipoondoka chini, mlinzi alikuwa amefika, au alikuwa anafika? Ikiwa amefika, mshambulizi ndiye aliyevamia. Ikiwa anafika, mlinzi ndiye aliyeziba njia. Nimewafundisha wanafunzi wa kidato cha kwanza kanuni hiyo kwa dakika kumi, wakaielewa kuliko nilivyoielewa mimi baada ya usiku mzima na kijitabu changu.

Kwa mchezaji asiye na mpira, mizani hubadilika. Huyo hatarajii kuzuiwa, huenda hata anatazama kwingine. Kwa hiyo hapa muda na umbali huhesabiwa. Mlinzi hawezi kujitupa ghafla mbele ya mtu anayekimbia bila kumwachia nafasi ya kusimamisha mbio au kugeuka. Umbali huo hutegemea kasi ya anayekuja, lakini haupungui hatua moja ya kawaida. Mgusano ule ule, mahali pale pale, waweza kuwa kosa la mshambulizi akiwa na mpira, na kosa la mlinzi mpira ukiwa kwa mwingine. Shabiki asiyelijua hili ataapa kwamba refa amehongwa.

Kuna pia suala la mahali panapoguswa mwilini. Sheria humchukulia kila mchezaji kana kwamba yumo ndani ya pipa wima lisiloonekana, linaloanzia sakafuni na kupanda juu yake. Mbele, mpaka wake ni viganja vya mikono. Nyuma ni makalio. Kando ni kingo za nje za mikono na miguu. Ndani ya pipa lake mlinzi anaweza kuinua mikono juu ya kichwa na kuruka wima, na haadhibiwi kwa kuwa mrefu. Mkono ukiinamia mbele, juu ya anayetupa, umetoka nje ya pipa na umeingia katika shamba la mwenzake. Mwenye mpira naye ana pipa lake, na mlinzi hana ruhusa ya kumbana ndani yake. Mshambulizi anapomgonga mlinzi kiwiliwilini, huo ni ushahidi kwamba mlinzi alitangulia mahali hapo. Akigongana na nyonga iliyochomozwa, goti lililotanuliwa au mkono ulionyooshwa kando, ushahidi huelekea upande wa pili. Mwaka 2003 bega lilitua kifuani. Ushahidi ulikuwa wazi mbele ya macho yangu, nami nikaushinda kwa neno "simama".

Huenda msomaji akauliza: ikiwa sheria iko wazi hivyo, kwa nini marefa wawili walioona tukio moja huamua tofauti? Sababu ya kwanza ni kwamba hawakutazama kitu kimoja. Mshambulizi ana mpira, na jicho la binadamu huufuata mpira. Refa aliyeufuata huona mgusano lakini hajui mlinzi alifika lini, maana hakuwa akimtazama. Ndiyo maana marefa hufundishwa kumtazama mlinzi kwanza. Ukimjua mlinzi alipo, mshambulizi atakuja mwenyewe machoni pako.

Sababu ya pili ni kwamba sheria yenyewe inamtaka refa apime. Aangalie roho na kusudi la sheria. Atazame kama mgusano umempa mtu faida au umemdhulumu mwingine. Asikatize mchezo ovyo kwa mgusano wa bahati usiomdhuru yeyote. Atumie akili kulingana na uwezo wa wachezaji alio nao. Mlinzi akimgusa bega kidogo anayekwenda kikapuni, naye akaendelea bila kuyumba na kutia mpira, kipenga kingemwadhibu aliyeguswa badala ya aliyegusa. Wengi wakisikia haya husema, "Basi ni hiari ya refa." La hasha! Kupima si kufanya utakavyo. Sheria hiyo hiyo inayompa refa mizani inamtaka awe nayo moja: kilichokuwa kosa katika robo ya kwanza kiwe kosa katika robo ya nne, kwa wenyeji na kwa wageni. Sheria ni msumeno, hukata mbele na nyuma.

Mwanafalsafa Mwingereza J.L. Austin, katika mihadhara aliyoitoa Harvard mwaka 1955 na iliyochapishwa 1962, alionyesha kwamba kuna semi ambazo hazielezi jambo tu, bali hulitenda. Miongoni mwazo aliziweka hukumu, zikiwemo za waamuzi wa michezo. Hukumu ya refa ina sura mbili. Kwa upande mmoja, ina nguvu mara inapotolewa: nilipopuliza, msichana yule alikuwa nje, awe alikosa au hakukosa. Kwa upande wa pili, yaweza kuwa kweli au uongo, maana ilipaswa kulingana na kilichotokea. Nguvu yake haiithibitishi kweli yake. Nilipomjibu "Refa ni mimi", nilimjibu kwa nguvu ya hukumu, ilhali yeye aliuliza kuhusu ukweli wake. Walimu, hatufanyi hivyo viwanjani peke yake. Hata darasani, swali likitushinda, mara nyingine tunaitaja nafasi yetu badala ya kuitaja sababu.

Hata watunga sheria huendelea kujifunza. Kwa miaka mingi walinzi walijifunza kujisimika chini kabisa ya kikapu, wakimngoja aliyeruka awaangukie ili wapewe kosa. Ligi ya NBA ya Marekani ilichora nusu-duara chini ya kikapu kuanzia msimu wa 1997-98, na FIBA ikafuata mwaka 2010 kwa nusu-duara yenye kipenyo-nusu cha mita 1.25. Mshambulizi aliye hewani akimgonga mlinzi aliyesimama ndani ya mstari huo, hahesabiwi kuwa amevamia, isipokuwa atumie mikono, miguu au mwili isivyo halali. Vivyo hivyo, anayejiangusha kwa hila ili amdanganye refa sasa huonywa, na akirudia huadhibiwa. Viwanja vingi vya shule nilivyovizuru havina nusu-duara hiyo. Kuichora si kazi ya mhandisi. Kamba ya mita moja na robo, kopo la chokaa na wanafunzi wawili vyatosha.

Wapo watakaonipinga kwamba kumfunza mwanafunzi sheria ni kumfunza kubishana na refa, na kwamba nidhamu itaporomoka. Naielewa hofu hiyo, lakini siikubali. Sheria haimruhusu kila mchezaji kupiga kelele. Humruhusu nahodha azungumze na refa kwa adabu kupata maelezo, mpira ukiwa umesimama na saa imesimamishwa. Hilo ni zoezi bora la uraia. Anayeijua sheria hubisha kidogo, kwa sababu anajua lini hana hoja. Asiyeijua hubisha daima, kwa maana mwamba ngoma ngozi huivutia kwake.

Wala jambo hili si dogo. Februari 2021, mjini Yaoundé, Kenya iliishinda Angola kwa pointi 74 kwa 73, kikapu cha ushindi kikitiwa na Tylor Okari Ongwae, mchezaji ambaye msomaji wa Kisii hahitaji kuambiwa asili ya majina yake mawili ya mwisho. Ushindi huo wa pointi moja ulisaidia kuirudisha Kenya katika mashindano ya Afrika kwa mara ya kwanza tangu 1993, yalipoandaliwa Nairobi. Pointi moja ni kipenga kimoja. Wanaofika kiwango hicho huanzia katika viwanja kama kile cha saruji iliyopasuka, na huko ndiko wanakofunzwa, au kupotoshwa, kuhusu kilicho halali.

Napendekeza mambo matatu yasiyohitaji bajeti. Kwanza, mwalimu wa michezo na mwalimu wa Kiswahili waketi pamoja, wazifasiri sheria za mgusano kwa Kiswahili chepesi, wazibandike ukutani. Katiba ya 2010 imekifanya Kiswahili lugha ya taifa na mojawapo ya lugha rasmi. Itakuwa ajabu kishindwe kuingia uwanjani. Badala ya "mlinzi asimame", waandike "mlinzi awahi mbele, amkabili, akanyage kwa miguu miwili, kisha anaweza kusogea kando au nyuma". Pili, wanafunzi wapewe kipenga mazoezini. Mwanafunzi aliyekuwa refa kwa dakika tano hujifunza heshima ambayo hotuba haiwezi kumpa. Tatu, refa anayeulizwa kwa adabu, mpira ukiwa umesimama, atoe sababu kwa sentensi moja: "Uliingia baada ya yeye kuruka." "Uliutoa mguu kando." Asiye na sentensi hiyo moja na ajihoji kama kweli aliona.

Sijapata kuonana tena na yule msichana. Kwa sasa amekuwa mtu mzima, na huenda ana watoto wanaocheza. Ikiwa gazeti hili litamfikia, naomba alisome jibu ambalo nilipaswa kumpa siku ile, mbele ya umati ule ule. Sheria ilitaka uwe mbele yake, nawe ulikuwa mbele yake. Ulipita kando kwa haki, na kifua chako kilipogongwa, mahali pale palikuwa pako. Kosa lilikuwa langu, nami naomba radhi.